Banda la Abiria Lenye Milango Miwili

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kuona jengo jipya la abiria linalojengwa uwanja wa ndege wa Sumbawanga. Nilivishwa kofia ngumu kama fundi, nikazungushwa kwenye vumbi la saruji, nikaonyeshwa patakapokaa viti na patakapopita mizigo. Ni jengo zuri, sina neno. Lakini, ndugu yangu, pembeni palikuwa na kifusi cha udongo mbichi uliolowa, na harufu yake ilinipeleka mbali. Nikasimama katikati ya mafundi nikicheka peke yangu, mjukuu akadhani jua limenipiga. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka baba yangu akidai karatasi kwenye mvua ya mawe.

Enzi za Mwingereza, uwanja wetu ulikuwa majani tu, yaliyofyekwa na kusawazishwa, na pembeni mti mrefu wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unakoelekea. Ndege ndogo ilikuja mara mbili kwa mwezi, hali ya hewa ikiruhusu, na hali ya hewa ya Ufipa hairuhusu ovyo. Ikisikika tu mlio wake kwa mbali, sisi watoto tuliacha kila kitu tukakimbia kuwaswaga mbuzi na ng'ombe watoke uwanjani. Kazi hiyo tuliipenda kuliko kula. Mimi nilikuwa na sauti kali, na mama alikuwa akisema ng'ombe wananitii mimi kuliko mimi ninavyomtii yeye.

Kisha boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, likaamua abiria wajengewe banda, na kazi akapewa baba. Baba alikuwa mwashi. Babu, baba yake, alikuwa akiyeyusha chuma katika yale matanuru marefu ya udongo ya Wafipa, ambayo hayakutaka mivukuto kwa sababu yalivuta upepo yenyewe. Baba alisema ujenzi wote aliujulia pale, kwa kutazama upepo unaingilia wapi na unataka kutokea wapi.

Kwa hiyo alijenga banda lenye milango miwili isiyotazamana sawasawa, wala haikuwa na mbao za kufunga. Wa mashariki ulielekea uwanjani, wa magharibi ulielekea kijijini kwetu. Katikati aliweka jiko la moto, na kwenye kuta benchi refu la matofali. Karibu na mlango wa magharibi akaacha kibaraza kidogo ukutani, usawa wa kichwa cha mwanamke. Hicho alikitaka mama. Mwanamke mwenye mzigo kichwani aliweza kuusogeza pale akapumzika, bila kutafuta mtu wa kumtua. Mama na mimi ndio tuliochota maji ya kukandia udongo, na siku tuliyomaliza baba alilikalia lile benchi, akaegemea ukuta, akasema, "Hapa mtu anaweza kusubiri hata mwaka."

Pande mbili za banda boma likavuta uzio wa waya kuzuia mifugo, na sisi tukaachishwa kazi yetu ya kuswaga. Njia ya kutoka kijijini kwenda sokoni ikawa inapita ndani ya banda. Unaingilia magharibi, unatokea mashariki, unafuata ukingo wa uwanja mpaka barabara ya mjini. Asubuhi ungewakuta akina mama na vikapu vya ulezi na maharage, wachuuzi wa samaki wakavu kutoka Ziwa Rukwa, na ikitokea siku ya ndege, bwana mmoja mwenye tai ameketi kati yao na sanduku lake. Watu walisalimiana, wakaulizana habari za huko watokako. Bibi yangu hakukosa siku ya soko hata moja, na alimjua kila aliyesafiri.

Mambo yaliharibika mkubwa mmoja wa Dar es Salaam alipotarajiwa kuja. Karani wa boma, kijana kutoka pwani mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama kama karatasi, alikuja nyumbani kwetu.

"Fundi, mlango wa magharibi uzibwe."

"Kwa nini, bwana karani?"

"Mgeni hawezi kukaa na vikapu vya samaki. Lile ni banda la abiria."

"Na wale wanaokwenda sokoni si abiria?"

"Abiria wa ndege, fundi!" Akatoa karatasi yenye muhuri. Karani yule hakufanya lolote bila karatasi.

Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kuziba mlango. Mama hakumsemesha siku mbili. Chakula alimpa, tena kwa adabu zote, ila maneno hakumpa.

Tangu hapo akina mama walilazimika kufuata uzio mpaka mwisho wake na kuvuka bonde la majimaji. Safari ya nusu saa ikawa saa nzima na zaidi. Wiki ya kwanza tu bibi aliteleza bondeni. Kikapu chake cha ulezi kilimwagika chote kwenye matope, na goti likamvimba kama boga. Nilikuwa naye. Nilijaribu kuokota ulezi kwa vidole, punje moja moja, nikilia, mpaka bibi mwenyewe akaniambia, "Acha, mjukuu wangu. Ndege watakula." Kilichoniumiza si ulezi. Bibi alikaa ndani, siku mbili za soko zikampita akitazama mlango, na mtu aliyekuwa akituchekesha wote akawa haongei.

Siku ya mgeni ilipofika, bibi aliamka akasema anakwenda sokoni, goti au si goti. Mama na jirani yetu wakaongozana naye, nami nikabeba kikapu chake. Mvua zilikuwa za mwishomwisho, na asubuhi ilikuwa njema. Tukiwa tunaambaa na uzio karibu na banda, ndege ikatua. Haikupita muda mbingu ikafunga ghafla, na mvua ya mawe ikatushukia. Mawe makubwa kama karanga, yanachoma mgongo! Tulikimbilia chini ya paa upande wa magharibi, tukajibana ukutani pale palipokuwa na mlango. Paa lilitufunika vichwa tu.

Ndani hali ilikuwa mbaya vilevile. Haya alitusimulia baba, maana aliitwa awepo, kama kuna la kurekebisha. Upepo uliingilia mashariki ukakosa pa kutokea. Moshi wa jiko, uliokuwa ukitoka zake taratibu, ukajaa banda zima. Mgeni alikuwa akikohoa ndani ya kofia yake. Karani machozi yanamtoka. Alikuwemo pia mke wa mwenye duka wa mjini, mama mmoja wa Kiislamu aliyeheshimika sana, ambaye alishuka na ndege ileile akitoka kutibiwa. Yeye ndiye aliyetusikia.

"Nani wanaolia huko nyuma?" akauliza.

Karani akasema ni wapita njia.

"Wapita njia hawana migongo? Fundi, huko nje kuna watu. Fungua!"

Baba akasimama, akapangusa mikono. "Mama, mimi niliziba kwa karatasi."

"Fungua, fundi!" karani akapiga kelele huku akikohoa. "Mimi nakuambia fungua!"

"Nipe karatasi, bwana karani."

Sisi nje tuliyasikia hayo kwa masikio yetu. Mama, aliyekuwa amelowa chapachapa, akaanza kucheka, bibi naye akacheka, mawe yanatupiga. Ndani, karani akapekua mifuko akapata kipande cha karatasi, akaandika juu ya goti lake: mlango ufunguliwe. Akatia sahihi. Baba akaisoma, mara mbili kama ile ya kwanza, akaitia mfukoni.

Kisha akatupigia kelele tusogee, akaupiga ule ukuta wa kuziba mlango teke moja.

Ukuta wote ukaanguka. Baba alikuwa ameyapanga yale matofali juu ya udongo mwembamba usiokandwa, akayapaka juu tu yapendeze. Moshi ukatoka kwa kishindo, na katikati ya moshi ule bibi akaingia akichechemea, akamsalimu mgeni, akamsalimu karani, akaketi karibu na moto. Mke wa mwenye duka akasogea, akamfunika kwa mtandio wake. Akafungua mfuko wa tende, bibi akafungua mahindi yake ya kuchemsha, tukala wote. Karani alikula mahindi mawili, na mama ndiye aliyempa la pili.

Baadaye, katika taarifa yake, karani aliuandika mlango ule kuwa ni mlango wa dharura. Hakuna aliyeuziba tena. Bibi alirudi kuongea, na goti likabaki likimsumbua siku za baridi tu.

Banda liliishi miaka michache baada ya Uhuru, likaja kubomolewa, na matofali yaliyokuwa mazima watu wakajengea majiko. Baba, mama, bibi, yule mama wa dukani, wote wametangulia. Karani alihamishwa siku nyingi. Sijui aliishia wapi, ila namwombea mema. Na mimi siyalilii majani na matope, maana yalikuwa taabu tupu. Ninachokikosa ni yale mazoea ya kumkuta mgeni amekaa, nawe hujui ni nani wala anakwenda wapi, na mara unamsikia anakuambia, "Karibu, kaa hapa," kama kwamba amekuwa akikungoja wewe.