Mpiga Picha wa Mafuvu

Zamani aliwapiga picha watu waliokuja studio na nguo za kuazima, na mazoea hayajamtoka. Sasa huliweka fuvu la kale kwenye kisahani kinachozunguka, hufumba jicho moja na kusema, "Haya, bibi, inua uso kidogo." Hulipiga picha kila upande, kisha kompyuta huziunganisha picha hadi fuvu zima lionekane kiooni, unaligeuza upendavyo. La leo ni la mwanamke wa karne nyingi zilizopita, na jioni hii linarudishwa kaburini. Alipoyavuta karibu meno ya mbele, akaona kijimfereji chembamba kwenye ncha ya jino.

"Hii ni alama ya uzi," akasema. "Marehemu mama alikuwa na kijimfereji hiki hiki. Alikata uzi kwa meno, na mkasi uko mapajani."

"Dada, gari linangoja," mkubwa wake wa kazi akasema.

"Lingoje. Jino hili nilipige kwa karibu, likishazikwa ndiyo basi."

"Picha moja."

"Tano."

"Mbili, ufunge sanduku."

Mpiga picha akakubali upesi kuliko kawaida yake. Ya kwanza akaipiga mara moja. Ya pili alikawia nayo. Mama yake hakupigwa picha hata siku moja, kila alipoitwa studio alijibu, "Ngoja nimalize pindo hili."