Mtihani katika Njia ya Makunduchi

Silima aliendesha gari la abiria baina ya Makunduchi na mjini kwa miaka tisa, na hakuwahi kugonga hata kuku. Mwaka 1954 usingizi ukaanza kumvamia. Ulimchukua mchana kweupe, tonge mkononi. Na akicheka sana magoti yalimlegea, akaanguka. Mkewe, Wanu, alisema ni shetani. Daktari wa mjini alisema ni maradhi, nayo hayana dawa ya kuyamaliza.

Jambo moja Silima hakumwambia mtu. Kila usingizi ulipokaribia, macho yakiwa wazi, alimwona mwanamke aliyevaa kaniki amesimama katikati ya njia. Mara ya kwanza alikanyaga breki, abiria wakaangukiana; hapakuwa na mtu. Mara ya tano akapita juu yake, gari halikutikisika. Tangu hapo akawa anampita tu.

Barua ya daktari ilimfika Bwana Amour, mkaguzi wa leseni, aliyetakiwa kumpima Silima kama bado anafaa kuendesha. "Usimpime asubuhi kwa kuzunguka mjini," ilisema. "Mpime baada ya chakula cha mchana, njia ndefu iliyonyooka, na usimsemeshe."

Wakatoka saa nane, wawili tu. Amour alinyamaza kama alivyoagizwa. Saa nzima Silima aliendesha vizuri, mpaka Amour akatoa kalamu aandike kuwa amefaulu. Walipoipita Kitogani jua lilikuwa kali, injini inavuma. Mbele yao akatokea mwanamke aliyevaa kaniki, mzigo wa kuni kichwani. Silima akamtazama, wala hakupunguza mwendo.

"Mtu! Simama!" Amour alipiga ukelele, akaukamata usukani akauvuta. Gari likaingia kichakani. Kuni zilitapakaa njia nzima.

Mwanamke yule, Bi Mwanamkasi, alivunjika mguu. Silima alitoa leseni mfukoni, akampa Amour pale pale. Hakuendesha tena gari maishani mwake.

Baada ya miezi miwili alikwenda kwa miguu Kitogani kumtaka radhi.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba. Ndiye wewe dereva?"

"Ndiye mie."

"Watu wanasema ulikuwa umelala. Lakini mie nliyaona macho yako, mwanangu. Ulikuwa ukinitazama."

Silima aliinamisha kichwa. "Nlikuona, bibi. Nlidhani hupo."

 Bi Mwanamkasi akasogea jamvini ampe nafasi, akamshika mkono, akaubana kwa nguvu.