Matembezi ya Mikono Mitupu

Mume wangu alizaliwa kando ya reli, mkoa wa mbali, na serikali ikamleta kufundisha Butembo, ambako treni haijawahi kufika hata kwa kupotea njia. Alinisimulia kwamba kwao, siku ya Jumapili, watu walipanda treni vituo viwili, wakashuka, wakatembea tu, wakarudi. Nilimuuliza walifuata nini. Akasema, kutembea. Mimi ni Munande, mtu wa milima hii ya Butembo: sijapita njia bila mzigo tangu nijue kusimama.

Basi tukawa tunapanda lori la jirani yetu Mwislamu lililokwenda Beni, juu ya magunia, mume wangu akilia "Puuu!" kila kona.

"Chef de gare," dereva alimtania kama mkuu wa stesheni, "treni yako iko na pancha!"

Tulishuka kijiji cha katikati ya njia na kurudi kwa miguu. Viatu vyangu vya kanisani vilinitafuna.

Uhuru ulikuwa mpya, na kila wiki ilisemwa waasi wamekaribia. Jumapili moja mvua ilitaka kunyesha, tukateremka njia ya mtoni haraka. Mama mmoja aliyekuwa akilima akasimama.

"Mwalimu, munakimbia nani?"

"Hapana kimbia, mama. Tunatembea tu."

"Munaenda wapi?"

"Hapana fasi."

Alitazama mikono yetu mitupu, akapiga kelele: "Banakuja! Mwalimu anakimbia, hata sufuria ameacha!"

Kijiji kizima kikatufuata na mikeka, kuku, na bibi mmoja aliyebebwa juu ya kiti chake. Tulipogeuka kuwaeleza, wakaongeza mbio. Wengine hawakusimama mpaka mtoni. Mbuzi wa yule mama hakuonekana tena.

Jumapili ya mwisho mume wangu aliponiita, nilimwambia miguu ni yangu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa mvivu. Akabaki nyumbani. Ijumaa homa ikamuua.

Matanga yalipokwisha na kichwa changu kikanyolewa, nilikwenda kutembea ile Jumapili niliyomnyima. Nilibeba kikapu cha viazi mgongoni, nisikimbize watu. Dereva hakutania. Kona ya kwanza alipiga honi ndefu.

Yule mama alikuwa shambani.

"Leo uko na muzigo, basi hapana vita. Mwalimu iko wapi?"

"Alikufa."

Aliegemea jembe. "Na ile viazi, unapelekea nani?"

"Hapana mutu. Nimeibeba juu yenu, musikimbie."

Alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akanivua kikapu, akakiweka kando ya jembe lake.

"Mbuzi yangu ilipoteaka bure, kumbe. Twende."

Tukashika njia ya mtoni, mikono mitupu, wawili. Milangoni watu walichungulia. Mwanaume mmoja akaanza kufunga kuku wake miguu.

"Mukae!" mama akampigia kelele. "Tunatembea tu!"