Mama Alikatazwa Kutoa Sadaka ya Mavuno

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana huku kwetu kila mtu anamjua mwenzake. Wakubwa zangu wote, shikamooni. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu. Naishi milimani, wilaya ya Same, na mama yangu na wadogo zangu wawili. Baba alifariki nikiwa darasa la tano.

Masika iliyopita ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulianguka na paa likainama upande mmoja. Tangu hapo tunalala wanne chumba cha mbele, na mvua ikinyesha tunasogeza godoro kufuata pakavu. Kanisa letu lilitusaidia, hilo sitalificha. Kamati ya diakonia, inayoshughulikia familia zenye shida, ilituletea unga na maharage, ikaninunulia na viatu vya shule. Kisha wageni kutoka mjini wakaahidi bati, na wazee wakatangaza msaragambo wa kutujengea. Kwa msio Wapare, msaragambo ni kazi ya pamoja: kijiji kizima kinatoka, huyu na jembe, yule na jiwe kichwani. Mama hajawahi kukosa msaragambo wa mtu. Mawe ya msingi wa ukumbi wa kanisa aliyabeba akiwa na mimba ya mdogo wangu wa mwisho.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Desturi yetu ni kila familia kupeleka ilichovuna, na baada ya ibada vitu vinanadiwa uwanjani. Mama alichimba tangawizi yetu iliyonona kuliko yote, akaiosha, akaipanga kwenye kikapu. Mlangoni alitupokea mwenyekiti wa diakonia. Aliongea kwa upole kabisa. Alimwambia mama kwamba mwaka huu apumzike, watu wa kwenye orodha yake ya msaada ni wa kupokea, si wa kutoa, hivyo arudi nayo akawachemshie watoto chai. Kikapu akakisukuma chini ya benchi la nyuma. Mama akasema ahsante. Nilitazama mikono yake. Kucha zilikuwa bado na udongo wa shambani, naye alikuwa anazificha ndani ya kitenge.

Wakati wa matangazo tuliitwa mbele pamoja na familia nyingine nne. Wale wageni walikuwepo, wakatupiga picha. Mwenyekiti akawaeleza kwamba sisi hatuna kitu, hata cha kutia mdomoni tunasubiri kanisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kikapu chetu hakikutakiwa kuonekana.

Kwenye mnada walinadi ndizi, maboga na jogoo mmoja mkali aliyewachekesha wote. Mimi nilirudi ndani, nikachukua kikapu, nikakiweka juu ya meza mbele ya watu. Nikasema, "Hii ni sadaka ya mama yangu. Nani anaanza?"

Anayenadi akamtazama mwenyekiti. Kisha bibi mmoja wa kwaya, ambaye sijawahi kumwona akimwogopa mtu, akajisogeza na mkongojo wake.

"Naanza mimi," akasema. "Na anayeogopa tangawizi kali akanywe maji ya moto."

Watu wakacheka, mkono wa pili ukanyooshwa, na wa tatu. Kikapu kilinunuliwa kama vikapu vingine vyote. Mama alikuwa amesimama kando, kichwa juu. Sijamwona akisimama vile tangu baba afariki.

Jumanne niliitwa ofisini na wazee. Mchungaji amesafiri, kwa hiyo mwenyekiti ndiye aliyeongoza kikao. Alisema nimelidhalilisha kanisa mbele ya wageni, na sasa wageni wanauliza kama kweli tunastahili bati. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikajibu hakuna aliyenituma.

"Mtoto wa shule unatufundisha sisi habari za sadaka?"

"Siwafundishi, mzee. Ninyi ndio mlionifundisha, kwenye shule ya Jumapili."

Mzee mmoja aliinamisha uso, nadhani alikuwa anaficha tabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu. Aliniagiza niandike barua ya kuomba radhi, niisome mbele ya usharika Jumapili hii. Nisipofanya hivyo, bati zitapewa familia nyingine na msaragambo wetu umefutwa. Mvua za vuli zimekaribia, mawingu tayari yamekaa juu ya mlima Shengena.

Nilimwambia mama siandiki. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. "Andika, mwanangu," akasema. "Barua haivuji. Paa ndilo linalovuja."

Basi niliandika, kwa sababu ni mama. Niliandika hivi: "Naomba radhi kwa kuwashtukiza wazee wangu mbele ya wageni. Siombi radhi kwa kutoa sadaka ya nyumba yetu." Jana mwenyekiti alinirudishia. Sentensi ya pili ameikata kwa kalamu nyekundu. Anataka nakala safi, bila sentensi hiyo.

Simchukii, na kanisa langu nalipenda. Naamini wapo wengi pale wanaofikiri kama yule bibi, ila hawajaulizwa. Lakini nikiiondoa ile sentensi, nitakuwa nimesimama madhabahuni na kukubali kwamba mama yangu ni mtu wa kunyoosha mkono tu. Nikiiacha, wadogo zangu wanaweza kulala kwenye maji vuli nzima, na aliyewasababishia ni mimi.

Nishaurini, ndugu zangu. Jumapili nisome barua ipi? Mnaweza kuniambia nina kiburi, nitavumilia. Mnaweza kuniambia nimfikirie mama, nami namfikiria kila saa. Ila msiniambie kwamba maskini hana cha kutoa. Hilo nimeshalikataa.