Menyu Isiyosema

Wiki hii nilikuwa kwa fundi simu pale Kilwa Masoko, akaingia mama mmoja asiyeona, ameshikwa mkono na wifi yake, tukasalimiana. Simu ya mama husoma kwa sauti kila anachogusa. Ila kwenye programu ya ujumbe, akigusa menyu, ilisema tu, "Kitufe, kitufe, kitufe."

"Nikitaka kusikiliza ujumbe wa mume wangu, lazima huyu anibonyezee," alisema mama. Mumewe yuko Mtwara kikazi.

"Mimi sichoki, wifi," wifi akajibu, akitabasamu.

Fundi aliunganisha simu na kompyuta, akaandika kwa muda, kisha akaweka kidole cha mama kwenye kitufe cha kuongezea sauti. "Bonyeza hapa. Simu itadhani umegusa menyu yenyewe, na nimeipa maneno ya kusoma. Kila ukibonyeza itasoma kinachofuata; ukisikia unachotaka, shikilia."

Mama akabonyeza. "Sikiliza," simu ikasema. Akabonyeza tena. "Jibu." Tena. "Futa." Aliinamisha kichwa, akarudia menyu yote taratibu. Midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno.

Kisha akasema kwa upole, "Wifi, naomba ukakae nje kidogo."

Wifi alimtazama fundi, akanitazama mimi, akatoka. Nilibaki kimya, maana sitaficha, nilitamani kujua huyo mume kasema nini.

"Na wewe baba uliyekaa hapo kimya," mama akasema, "samahani, na wewe pia."

Nikatoka. Mimi na wifi tulikaa benchi moja, kila mmoja akijifanya hana la kujiuliza.