Ukuta wa Darasa la Nne

Nafundisha sanaa darasa la nne, katika shule ya msingi iliyo njia ya kwenda Pande, huku pwani. Nikisema "sanaa" watu hucheka, maana rangi hatuna. Mwezi wa kwanza tuliponda udongo mwekundu, tukasaga mkaa, tukakamua majani ya kisamvu, na mimi nilikuwa na furaha kuliko watoto. Nilirudi nyumbani na madoa shati zima, najisifu njia nzima.

Furaha hiyo ilikaribia kukatwa siku mwalimu mkuu aliponiita ofisini. Ni mama mpole, ila akishika kalamu ya ratiba hana mzaha. Darasa la nne lina mtihani, akasema, na kipindi changu cha Ijumaa anataka kuipa Hisabati. Nikabisha mpaka sauti ikapanda. Mwisho akaniambia, "Haya. Ukuta wa nje, nyuma ya darasa, ni wako Ijumaa hii. Saa nne nakuja kutazama. Nikiona kitu cha maana, kipindi kinabaki."

Nilitoka pale karibu nikimbie. Ukuta mzima! Ila ukuta wenyewe ni wa saruji ya kijivu, mkubwa, na mkaa wetu usingetosha hata robo yake. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mdogo wa umbo, asiye na maneno mengi, akanyoosha mkono. "Bibi ana chokaa, Mwalimu. Ya kupaka nyumba." Huku watu hupaka nyumba chokaa Idi ikikaribia, na bibi yake alikuwa na pipa zima la chokaa iliyolowekwa. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Ijumaa tukaanza kazi saa tatu. Brashi zetu zilikuwa makumbi ya nazi yaliyopondwa ncha, tumeyafunga kwenye vijiti virefu ili chokaa isiwaunguze watoto vidole. Nikawaambia kila mtu achore kitu anachokijua kuliko mimi, wakauvamia ukuta: mikorosho, pikipiki, mbuzi, madema ya kutegea samaki. Yule msichana akachukua kona ya kushoto, akachora peke yake, kijiti kakishika kwa mikono miwili, ulimi nje.

Nikarudi nyuma nitazame. Sikuona kitu. Ukuta ulikuwa umelowa tu, michirizi ya majimaji, kana kwamba mtu amefua nguo akazikung'utia pale. Saa yangu ilionyesha saa nne kasorobo. Hapo mdomo ukaitangulia akili, ugonjwa wangu wa siku zote.

"Hii chokaa gani? Maji matupu! Mnataka kuniaibisha?"

"Mwalimu, ngoja ikauke," msichana akasema.

Sikungoja. Mimi ni mtu wa bara, kwetu nyumba ni za matofali ya kuchoma, chokaa sikuwahi kuishika maishani. Nikanyakua ndoo ya maji, nikaimwaga kona ya kushoto na kusugua kwa ufagio, nimeazimia kuosha ukuta wote tuanze upya kwa mkaa. Msichana alisimama pembeni, brashi mkononi.

Nilikuwa bombani najaza ndoo ya pili watoto walipopiga kelele. Nikageuka. Jua lilikuwa limeupata ukuta, na picha zilikuwa zinatokea. Kwanza magurudumu ya pikipiki, halafu pembe za mbuzi, halafu mkorosho mzima na mabibo yake, nyeupe pe, pale pale mbele ya macho yetu! Nilipiga kelele kuwashinda. Niliruka, naapa, mtu mzima na vyeti vyangu. Kumbe chokaa ikiwa mbichi haionekani, weupe wake huja ikikauka. Watoto wote walilijua hilo tangu wakitambaa, mwalimu wao ndiye hakujua.

Mwalimu mkuu akafika. Watoto wakamwamkia shikamoo kwa sauti moja, naye akasahau kuitikia marahaba. Alitembea taratibu kutoka kulia, akicheka peke yake kila alipofikia mbuzi mwingine. "Kipindi kinabaki," akasema, na darasa likalipuka kwa vigelegele.

Kisha akafika kona ya kushoto, akaunyooshea kidole ule ukijivu mtupu. "Na hapa? Aliyeshindwa hapa ni nani?"

Msichana akatazama chini. Ningeweza kumwachia lawama, na ninaona aibu kusema kwamba nililiwaza hilo.

"Hakushindwa mtu," nikasema. "Hapo palikuwa na picha, nikaiosha mimi. Aliniambia ningoje, sikumsikiliza." Nikamgeukia msichana, mkubwa wangu na darasa zima wakisikia. "Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa umechora nini?"

Akaniinulia macho.

"Ntachora tena Ijumaa ijayo, Mwalimu, utaona. Ila wewe ukae ofisini."