Sufuria ya Shaba Iliyokuwa Pichani

Nakumbuka siku niliyosugua sufuria ambayo haikuwa sufuria. Nilikuwa na miaka kumi na saba, hapa hapa Likasi, miaka ile ya tisini mishahara ilipokatika na nyumba nzima tukawa tunakula mara moja kwa siku.

Nkambo wangu, baba yake mama, alikuwa seremala. Mzungu mmoja aliyemtengenezea samani alipohama, alimwachia picha ya zamani ya rangi za mafuta: zabibu mezani, malimau, na sufuria kubwa ya shaba. Fremu yake ilichongwa majani, ikapakwa dhahabu. Wee mwanangu, ilikuwa nzuri! Picha yenyewe ilikuwa imefifia, imekuwa ya kahawia kama chai, lakini ukisogea karibu unaona hata mbegu za limau.

Mfanyabiashara wa Lubumbashi akaahidi kuja Jumamosi kuichukua, atuletee magunia manne ya unga wa mahindi. Magunia manne! Nilirukaruka uani. Nikasema, mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Na sisi watoto wa mji wa shaba, nani asiyejua kuing'arisha? Ni limau na majivu tu. Basi nikaisugua ile sufuria ya pichani huku naimba, mpumbavu mimi. Kahawia ikatoka, nikapiga kigelegele! Nikaongeza majivu. Kisha ikatoka shaba yenyewe, likabaki duara tupu la kitambaa cheupe.

Nkambo alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

“Weye mutoto, uliuliza nani?”

“Nkambo, miye nilitaka ing'ae...”

“Kintu ya zamani, unauliza kwanza, kisha njo unaigusa. Muntu alipakaa ile siku mingi. Weye umeimaliza na limau moja.”

Mfanyabiashara alipoiona alicheka mpaka akashika tumbo. Akachukua fremu peke yake, akaacha gunia moja. Juma lile mdogo wangu aliuliza mbona bukari, ule ugali wetu, iko kidogo. Nilijifanya sisikii, nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Ndiyo ile picha isiyo na fremu sebuleni, mwanangu. Wageni hudhani lile duara ni mwezi, nami nawaacha.

Leo nimekuona na msasa na kopo la vanishi, macho yanakung'aa kama yangu siku ile, unalizunguka kabati alilolichonga nkambo. Furaha hiyo naipenda, isikuishie! Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Unachokiita uchafu huenda ni kazi ya mkono wa mtu. Uliza kwanza. Kisha jaribu kwa nyuma, pahali padogo, ungoje hadi kesho. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea vya kutosha.

Haya, weka huo msasa chini, uje tulitazame pamoja. Mungu akupe mikono hodari na subira ya kuitangulia, na nyumbani kwako asitokee mtoto wa kuuliza mbona bukari iko kidogo.